Mkebe wa Vicheko

Wifi yangu alinuka gundi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wengine wakimsimulia huanza na upole wake, ukadhani wanamzungumzia malaika. Alikuwa mtu kama sisi, tena mbishi, na harufu yake ilikuwa ikipiga hodi kabla yake. Gundi yenyewe haikuwa ya viatu wala ya karatasi. Ilikuwa dawa kali ya kuungia mikanda ya filamu, inayochoma pua na kukausha vidole, na hakuna sabuni iliyoiweza. Mtaa mzima ulimwita Mama Gundi. Hata kaka yangu aliyemuoa, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita hivyo akitaka kumchokoza.

Alifanya kazi kwenye jengo la serikali nyuma ya stesheni, ghorofa ya pili, kwenye chumba ambacho madirisha yake hayakufunguliwa kwa kuogopa vumbi. Kulikuwa na meza ndefu ya kioo yenye taa chini yake, na wanawake wachache waliovaa glovu nyeupe za pamba. Mikanda ililetwa kutoka mstari wa mbele ndani ya mikebe ya bati, imepigwa na wapiga picha wa jeshi. Yeye alikata kinachotakiwa, akakiunga, akatupa kisichotakiwa. Baadaye wengine waliweka tarumbeta, na bwana mmoja mwenye sauti nene akaeleza jinsi vijana wetu wanavyokula na kulala salama huko vitani.

Mimi nilikuwa mkata tiketi kwenye ukumbi wa sinema. Yeye alikata mikanda, mimi nilikata tiketi, na kaka yangu alisema amevamiwa na ukoo wa wakataji. Serikali ilitulazimisha kuonyesha zile habari za vita kabla ya picha kubwa. Mwanzoni watazamaji walipiga miayo na kutafuna njugu. Lakini vijana walipozidi kuchukuliwa, kina mama walianza kuja kwa ajili ya habari tu. Wakikaa mbele, shingo zimenyooka, wanatafuta nyuso. Picha kubwa ikianza, na wapenzi wake wanaokimbizana bustanini, wao wanakusanya mikoba na kwenda zao.

Kila Jumapili wifi alikuja kwangu kunywa chai na kuusema uongo wa kazini kwake, nami nilicheka mpaka mbavu zikauma. "Ile sufuria ya nyama unayoiona, wifi, ni moja tu," alisema. "Wanaihamisha kikosi kwa kikosi. Nimeijua kwa mkono wake uliopinda." Alisema askari wanaoogelea walipewa sabuni mpya kila mtu, na picha ikiisha sabuni inarudishwa. Mkuu wao wa kazi walimbandika jina la Bwana Ongeza-Furaha, kwa sababu akitazama mkanda uliokwisha kuungwa alikuwa na neno moja tu: "Sawa, lakini ongezeni furaha kidogo." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tumbo la vidonda na wakubwa zake walimpigia simu kila siku.

Sasa, furaha ilikuwa inaadimika. Vita ilivyorefuka ndivyo wapiga picha walivyoleta vicheko vichache. Kwa hiyo pale chumbani ikazuka desturi. Kicheko kizuri hakitupwi. Kikishatumika kwenye filamu hii, kinakatwa, kinaviringishwa, kinawekwa kwenye mkebe maalumu juu ya rafu. Filamu ijayo ikipwaya, unakwenda kwenye mkebe unachagua. Sharti lilikuwa moja, kicheko kiwe cha uso na mbingu tu, isionekane nyumba wala mti wala matope ya kukisaliti. Askari aliyecheka wakati wa mvua alichekeshwa tena wakati wa kiangazi, na ukumbini kwangu watu walipiga makofi.

Kaka yangu alipofariki alimwachia wifi mtoto mmoja tu, wa kiume. Tulimwita Mashavu tangu yuko mchanga, na hata alipofika umri wa kunyoa ndevu mashavu yale hayakumwacha. Alioa binti mmoja mkimya lakini mwenye msimamo, mtu wa kusema neno moja kisha basi. Mimba yao ya kwanza ilitoka. Mashavu alipoitwa vitani, binti alikuwa ndiyo kwanza amegundua ana mimba nyingine. Akabaki na mama mkwe wake katika vile vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uzi.

Basi siku moja wifi ameinama mezani, mkanda umelala juu ya kioo, anamwona mwanawe. Wenzake walinisimulia kwamba alivua glovu, jambo ambalo ni mwiko, akagusa picha kwa kidole kitupu. Kisha akavaa tena glovu, akakata mwanzo, akakata mwisho, akabakiza kicheko, kama kazi inavyotaka. Vile vipande viwili alivyovikata hakuvitupa. Alivifungia kwenye droo yake, na nilipomuuliza kijana anaonekanaje, alinijibu kwa mkato, "Anacheka."

Filamu ilipofika ukumbini nilimwingiza mkamwana wetu bure. Mashavu alipotokea, amejaa pazia zima, anacheka mpaka jino la nyuma linaonekana, yule binti mkimya alisimama na tumbo lake akasema kwa sauti, "Huyo ni wangu." Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Alirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima anatabasamu peke yake.

Haukupita muda mrefu. Ilikuwa Jumamosi mchana, foleni imefika nje, nami nakata tiketi bila kuinua macho. Nikasikia harufu ya gundi. Wifi alikuwa amepanga foleni kama mteja, amesubiri zamu yake, na alipofika dirishani aliweka mikono yote miwili kwenye ubao. "Wifi," akasema, "Mashavu hayupo." Afisa alikuwa amemfuata kazini, kwa sababu Mashavu alijiandikisha kabla ya kuoa na jina lililokuwa jeshini ni la mama. Bomu liliangukia shimo walimokuwa wamelala, wakafukiwa pale pale. Hakukuwa na mwili wa kuletwa. Nilifunga dirisha. Watu wakanung'unika nje, wakagonga ubao, na mimi nimemkumbatia mtoto wa watu sakafuni kati ya mabunda ya tiketi, tunalia huku tumeuma midomo ili tusisikike.

Alipoweza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa la binti. "Asijue. Mkunga kasema presha yake iko juu. Mimba ya kwanza ilitoka, hii nayo ikitoka tutakuwa tumezika wawili. Akishajifungua nitamwambia."

Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kimeshafika. Akaniambia niweke methali zangu kabatini. Tulibishana, lakini nilijua hoja yake ina uzito, nami pia nilikitaka kile kijusi. Nikafunga mdomo.

Wiki zile Bwana Ongeza-Furaha alikuwa anasukumwa atoe filamu ya askari wakivuka mto. Ilikuja na nyuso zilizonuna. Akadai kicheko. Wifi alipanda kwenye kigoda, akashusha mkebe, na mkono wake ukamtoa mwanawe. Akamuunga katikati ya mto. Mkamwana alikuja ukumbini, akamwona, akarudi nyumbani akamsimulia mama mkwe wake: "Mama, wamevuka mto salama. Hata hajaloa." Wifi alikuwa anamenya vitunguu. Alisema, "Alhamdulillahi, mwanangu," akaendelea kumenya.

Ikawa hivyo kila filamu mpya. Filamu ya kupokea barua, Mashavu anacheka. Filamu ya mazoezi ya asubuhi, Mashavu anacheka. Binti alilala vizuri, presha ikashuka, mkunga akashangaa. Mimi niliketi kwenye kile kidirisha changu, nikisikia makofi yanalipuka ndani, najua ni nini kinapigiwa makofi. Nilimhurumia wifi mpaka nikamchukia, kisha nikajichukia kwa kumchukia. Aliyasukuma maisha kwa siri hiyo moja. Alikonda. Alianza kuchelewa kutoka kazini, akisema ana mikanda mingi.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nikamwambia wifi, haya, saa imefika. Akasema ngoja kitovu kianguke. Kitovu kikaanguka. Akasema ngoja ashike titi vizuri. Akashika, tena kwa ulafi. Akasema ngoja mama yake apate nguvu. Nikamwambia, "Wifi, ukingoja mpaka upatikane wakati mzuri wa kusema habari hii, huyu mtoto ataolewa." Aliweza kuwa jiwe akitaka.

Kilichomsukuma hatimaye hakikuwa maneno yangu. Binti alikwenda kupiga picha na mtoto kwa mpiga picha wa mtaani, akaituma jeshini. Hakujibiwa. Akatuma nyingine. Wakati wa ujauzito alikuwa akiilaumu posta ya vita, akisema barua ziko njiani zinatembea kwa magoti. Sasa akaanza kumlaumu mumewe. Niliona uso wake ukibadilika ukumbini. Makofi yakipigwa, yeye hapigi. Siku moja alitoka kabla kicheko hakijaisha, akapita dirishani kwangu na mtoto mgongoni, akasema, "Shangazi, mtu mwenye nafasi ya kucheka hivyo hana nafasi ya kuandika mstari mmoja?"

Nyumbani aliacha kulitaja jina lake. Alizikunja shati zake akazipeleka kwa muuza mitumba. Kisha akamwambia mama mkwe wake kwamba mwisho wa mwezi anarudi kwa wazazi wake na mtoto wake. "Akirudi mwambie aendelee kucheka huko huko," alisema. "Mimi na mwanangu tumeona, tumetosheka."

Wifi alikuja kwangu. Hakulia. "Wananinunia mwanangu," alisema. "Amekufa, na mkewe anamchukia, na mtoto atafundishwa kumchukia. Nimefanya nini, wifi?" Nilikuwa na majibu mengi ya ukali niliyoyaweka kwa miezi. Nikayameza. Nilimshika mkono tukaenda wote.

Alimwambia jikoni, amesimama, mimi nimeketi na mtoto mapajani. Aliyasema yote moja kwa moja, afisa, shimo, bomu, mimba, presha. Binti alisikiliza huku anafuta meza. Alipomaliza, binti aliendelea kuifuta ile meza iliyokwisha kutakata.

"Mama," akasema, "unampenda sana mwanao. Mpaka unamuua ili nisimwone mbaya."

"Nakuapia kwa Mungu."

"Nimemwona Jumamosi. Mzima, ananenepa. Mtu anayekufa hanenepi. Kama ana mwanamke mwingine huko, sema, nitakuelewa."

Hapo ndipo nilipomwona wifi amepigwa kweli. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno, na sasa hakuna aliyemwamini, hata yeye akisema ukweli wa uchungu wa tumbo lake. Mwisho alimwambia, "Kesho saa ya chakula, njoo kazini kwangu."

Tulikwenda sote. Wenzake walikuwa wametoka kula, na mlinzi alinijua kwa sababu nilizoea kumpa tiketi za bure. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango na mtoto, nikisali asilie. Wifi alishusha mkebe, akaufungua. Binti akaona vile viviringo vidogo vimejipanga, kila kimoja kimefungwa uzi. "Hivi ni vicheko," wifi akasema. "Vya watoto wa watu. Huyu hapa ni wako." Akakilaza juu ya kioo. Pande zote mbili za mkanda zilikuwa na makovu ya gundi. Akamweleza kwamba kila ukikata na kuunga unapoteza picha moja huku na moja kule, haikwepeki, kwa hiyo kicheko cha Mashavu kilikuwa kinapungua kila filamu. Binti aliyatazama yale makovu. Nilijua bado haamini.

Ndipo wifi akafungua droo. Akatoa vile vipande viwili, cha mwanzo na cha mwisho, akaviunga na kicheko katikati, polepole, akipuliza gundi ikauke. Akavitia kwenye mashine yao ndogo ya kuzungusha kwa mkono, yenye kioo cha ukubwa wa kiganja. "Zungusha mwenyewe," akamwambia.

Binti akazungusha. Mimi nilisimama nyuma yake, nikaona. Kijana amekaa juu ya sanduku. Mashavu hayapo. Mifupa imetokeza, macho yameingia ndani, anatazama mahali ambapo hapana kitu. Sikumtambua mtoto wa kaka yangu niliyemlea. Kisha mkono wa mtu ukaingia kwenye picha kutoka pembeni, ukapungia, kumwambia tayari. Akainua kichwa. Akacheka, na alipocheka uso ukajaa, maana mtu akicheka mashavu hupanda hata kama hajala siku mbili. Ule mkono ukatoka. Kicheko kikamtoka usoni chote, akarudi kutazama pale pale alipokuwa akitazama.

Binti akarudisha nyuma, akazungusha tena. Akarudisha, akazungusha. Kila mara alisimamisha pale mwanzoni, kabla ya mkono kuingia. Mtoto alianza kunung'unika, nikampa kidole anyonye.

"Yule wa sinema hawezi kufa, Mama," binti akasema. "Huyu anaweza."

Akaachia mpini wa mashine. Akaketi chini, palepale sakafuni kwenye vipande vya mikanda vilivyotupwa, na kilio kilichotoka humo sitaki kukielezea. Wifi alishuka akakaa naye. Binti alikuwa akirudia neno moja, kwamba miezi yote hii amemnunia maiti, kwamba ameuza shati zake. Wifi alimwambia ni kosa lake yeye, si la mwingine. Binti hakumbishia, lakini pia hakuutoa mkono wake ulioshikwa.

Tukaweka msiba kesho yake, uliochelewa hivyo. Wanawake wa mtaa walijaa kwenye vile vyumba viwili, wengine wakakaa ngazini. Karibu kila mmoja alikuwa na mtoto vitani, na karibu kila mmoja alikuwa mteja wangu wa Jumamosi. Walilia kwa haki, maana Mashavu alikuwa kipenzi cha watu. Katikati ya kilio, mke wa kinyozi, mwanamke mwema asiyejua kunyamaza, akajifuta pua akasema, "Lakini jamani, Jumamosi tu tumemwona anacheka."

Binti alikuwa ameegemea ukuta, anamnyonyesha mtoto. Akajibu bila kuinua sauti. "Aliambiwa acheke. Tena kitambo. Mama ndiye aliyekuwa anamrudisha."

Vichwa vikageuka. Nilimwangalia wifi. Alikuwa kwenye mkeka, mikono mapajani, na harufu yake ya gundi imejaa chumba chote, sasa kila mtu anaisikia. Nilitamani ainuke aende jikoni. Hakuinuka.

Mke wa kinyozi akasogea kwa magoti mpaka mbele yake. "Mama Gundi," akasema, "na wangu? Yule anayevaa kofia upande. Anayecheka kwenye picha ya barua. Kile kicheko ni cha lini?"

Wifi angeweza kusema hajui. Mimi ningesema sijui, ningeapa na vitabu. Alimtazama yule mama usoni, akasema, "Cha mwaka jana."

"Mwaka jana lini?"

"Kabla ya mvua. Tangu hapo sijamwona kwenye mkanda mwingine."

Akaja mwingine, mama yake dereva. Kisha mwingine. Waliuliza kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, kama watu walio kwenye zahanati, naye akawajibu wote. Wawili tu ndio waliopata jibu la kupumua. Mama mmoja mwenye vijana mapacha hakuuliza. Alichukua viatu vyake mlangoni akaondoka bila kuaga.

Maneno yalimfikia Bwana Ongeza-Furaha, na wifi akafukuzwa kazi kabla ya wiki kwisha. Mkamwana hakurudi kwa wazazi wake. Hilo ndilo lililobaki.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kazini nikiamini ukumbi utakuwa mtupu. Nilifungua dirisha, foleni ipo, imefika nje. Wa kwanza alikuwa mke wa kinyozi, macho yamevimba, amevaa nguo yake ya kutokea. Hasira ilinipanda, sijui kwa nini, nikamwuliza anafuata nini humo ndani na kila kitu ameshaambiwa.

"Nikatie tiketi, dada," akasema. "Hicho cha mwaka jana ndicho nilicho nacho."